Je, Wajua? Besiboli Ingepaa Msalato

Je, wajua kwamba kiwanja cha besiboli kikichongwa leo Msalato, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kitakuwa juu kuliko viwanja vya nyumbani vya timu 29 kati ya 30 za ligi kuu ya Marekani? Msalato iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni Denver peke yake inayoipita, ikiwa kwenye mita 1,580 hivi. Inayofuata ni Phoenix, na kiwanja chake hakifiki hata mita 350.

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na mpira uliopigwa humo husafiri mbali zaidi. Hewa nyepesi ndiyo pia inayozifanya ndege zikimbie umbali mrefu kabla ya kuruka. Njia ya kurukia ya uwanja mpya wa ndege wa Msalato imepangiwa urefu wa kilometa 3.6. Denver mipira iliwashinda kwa kupaa, hata mwaka 2002 wakaanza kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke. Anayeujua ukavu wa Dodoma mwezi wa Agosti hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, wajua kazi ya mlinzi wa ndani? Katika besiboli kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, kila kimoja mita 27.4 kutoka kwa kinachofuata. Mrushaji anarusha, mpigaji anaupiga mpira kwa gongo, kisha anatimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Walinzi wanne wa ndani wanasimama kuzunguka vituo hivyo. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilometa 150 kwa saa unamfikia mlinzi kwa muda wa sekunde moja hivi, tena mara nyingi unakuja ukidunda ardhini. Anatakiwa audake, autoe kwenye glovu na kuufikisha kituo cha kwanza kabla ya mkimbiaji, ambaye hutumia sekunde nne na kidogo tu. Ndiyo maana glovu yake ni ndogo na ina kina kifupi kuliko ya walinzi wa nyuma: mpira usizame humo ukamchelewesha. Na ndiyo maana wanaorusha kwa mkono wa kushoto karibu hawaonekani kabisa kwenye kituo cha pili, cha tatu, wala katikati ya hivyo viwili. Wangelazimika kugeuza mwili mzima kabla ya kurusha.

Udongo nao una neno. Eneo la ndani la viwanja vya Marekani kwa kawaida huwa na udongo mtupu wa mfinyanzi na mchanga, na hunyunyiziwa maji kabla ya mechi ili mpira usidunde ovyo. Dodoma hupata takribani milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mlinzi wa ndani atakayejifunzia hapa wakati wa kiangazi atajifunza kwenye ardhi ngumu na mipira ya kasi. Naamini shule hiyo ni nzuri, maana mchezaji ninayetaka kumsimulia hapa naye alijifunzia kwenye uwanda wa juu wa Afrika.

Je, wajua kwamba mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani Afrika kufika ligi kuu ya Marekani alikuwa mlinzi wa ndani? Ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Januari 18, 1990 katika mji ambao leo unaitwa Polokwane. Mama yake, Maureen, alifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets, karibu na Johannesburg, na familia iliishi katika chumba kidogo cha jengo la klabu hiyo. Kwa hiyo mtoto alilala na kuamka uwanjani. Watoto wengine waliletwa mazoezini na kurudishwa nyumbani, yeye alibaki na mpira na ukuta.

Mwaka 2008 alihudhuria kambi ya mafunzo huko Tirrenia, Italia, ambako alionwa na Barry Larkin, mlinzi wa ndani mashuhuri wa Cincinnati Reds. Mwaka huohuo Pittsburgh Pirates wakamsaini, akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya ligi kuu. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia, aliichezea nchi yake dhidi ya Meksiko, na mara mbili akaupiga mpira uliomfikisha moja kwa moja kituo cha tatu. Mechi hiyo ilichezwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari.

Kisha ikafuata miaka ya ligi za chini, mji hadi mji. Ulinzi wake ulisifiwa kila alipokwenda, ila gongo lilimsumbua. Mwaka 2013 mama yake akafariki. Angeweza kurudi nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alibaki.

Aprili 26, 2017, akiwa na umri wa miaka 27, aliingizwa katikati ya mechi dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Mwenzake Francisco Cervelli alimkumbatia palepale uwanjani. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, akikabili mrusho wa Jon Lester, aliupeleka mpira katikati ya uwanja na kufika kituo cha kwanza salama. Pirates walishinda 6-5. Miaka 70 na siku 11 kabla ya hapo, Aprili 15, 1947, Jackie Robinson, naye mlinzi wa ndani, alivunja ubaguzi wa rangi katika ligi hiyohiyo.

Ngoepe alicheza mechi 28 mwaka ule na nyingine 13 akiwa na Toronto Blue Jays mwaka 2018. Jumla 41. Wapo watakaoziona chache. Mimi naona kwamba mtu aliyefungua mlango hapimwi kwa muda aliokaa sebuleni.

Je, wajua kwamba mlango huo uko wazi hata huku kwetu? Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza fainali za dunia za watoto nchini Marekani mwaka 2012, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Uganda. Tanzania ilianza kufundishwa besiboli mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina kiwanja chake.

Msalato kuna shule kongwe ya wasichana. Wasichana waliokulia kwenye rede tayari wanajua kurusha, kukwepa na kusoma mpira kwa jicho. Mchezo unaowafaa kuanzia ni sofuboli: mpira wake ni mkubwa zaidi, na vituo vyake vimeachana kwa mita 18.3 tu. Walimu wa michezo wa Dodoma, pimeni vituo vinne kwenye kona ya uwanja wa soka, mkaombe glovu na makocha kwa chama cha besiboli na sofuboli nchini, muanze kiangazi hiki.