Kabla ya Kupuliza Dawa, Fukua Shina

Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mti wa pichesi ukianza kupukutisha majani bila msimu, mwenye shamba huuliza kwanza apulizie dawa gani. Mimi huomba jembe.

Fukua udongo kuzunguka shina mpaka mizizi mikubwa ionekane, kisha bandua kipande cha gome. Ukikuta utando mweupe kama kitambaa, unaonuka uyoga, shuku Armillaria. Kuvu huyu hula mizizi taratibu, na majani yanaponyauka kazi yake huwa imefika mbali. Hupita chini kwa chini, mzizi wa mti mmoja ukigusana na wa jirani. Visiki vilivyoachwa msitu ulipofyekwa humtunza kwa miaka mingi, mpaka mche mpya upandwe karibu. Dawa ya majani haimfikii. Kinachosaidia ni kung'oa kisiki pamoja na mizizi yake.

Yapo magonjwa ya majani kweli. Mwaka 1957 kuvu Dothistroma alibainika Tanganyika kwenye misindano ya aina ya radiata: mikanda myekundu kwenye sindano, kisha kukauka na kupukutika. Matone ya mvua husambaza mbegu zake, na sindano zikikaa na unyevu muda mrefu, mbegu hizo huota. Nyanda zetu za juu zenye ukungu zilimfaa mno. Wataalamu wa misitu wa Afrika Mashariki wakaachana na radiata. Leo ukienda Sao Hill, Mufindi, utakuta misindano ya aina ya patula.

Lakini nisieleweke vibaya: kuvu wengi ni wenza wa miti. Nenda Kitulangalo, msitu wa miombo kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, mvua zikishakolea. Uyoga mwingi unaouona chini ya miti umeshikana na mizizi yake. Kuvu huletea mti maji na fosforasi, mti humlipa sukari. Kwenye msitu wa mvua wa Uluguru kuvu wa aina nyingine huingia ndani kabisa ya mizizi, na bila darubini hutawaona.

Ndiyo maana kuvu kukutwa kwenye mti uliokufa si ushahidi kwamba ndiye aliyeua. Wengine hufuata mzoga. Ili kuthibitisha, maabara humtenga kuvu anayeshukiwa, humkuza peke yake, humpandikiza kwenye mche mzima, na kungoja dalili zilezile zitokee. Kisha humtafuta tena ndani ya mche huo. Kazi hiyo huchukua wiki, hata miezi, na mkulima hana budi kuivumilia.

Ukileta sampuli Chuo Kikuu cha Sokoine, usichukue tawi lililokauka kabisa. Kata mpakani, pale sehemu hai inapokutana na iliyokufa. Funga kwa gazeti, si kwa mfuko wa plastiki: kwenye joto la plastiki, kuvu wa kuozesha hutangulia kuitawala kabla haijafika mezani.