Sura ya Sita: Gitaa la Nashville Kwenye Mawimbi ya New York

Usiku wa tarehe 7 Agosti 1997, Garth Brooks alipanda jukwaani katika bustani ya Central Park, katikati ya Manhattan, akiwa na kofia yake ya mchunga ng'ombe. Kiingilio kilikuwa bure. Idara ya Zimamoto ya jiji ilikadiria kwamba watu 980,000 walifurika kwenye bustani ile. Wapo walioibishia hesabu hiyo, lakini hakuna aliyebisha kwamba msanii wa kantri alikuwa ameujaza uwanja katika jiji la nyota wa pop na rap.

Kisha watu wakarudi makwao. Aliyewasha redio ya gari njiani, akapeleka mshale wa FM kutoka mwanzo hadi mwisho, hakupata hata stesheni moja ya kantri yenye mtambo wa kulifikia jiji zima. Ya mwisho ilikuwa imezimwa mwaka mmoja na nusu kabla. Jiji lenye mashabiki wa kuijaza Central Park lilikuwa halina pa kuwasikilizisha muziki wao.

Wengi wana jibu la haraka: New York ni jiji la mataifa yote, na kantri ni muziki wa Wazungu wa mashambani. Takwimu za sensa zinaonekana kuliunga mkono jibu hilo. Mwaka 2020 jiji lilikuwa na wakazi milioni 8.8, na zaidi ya theluthi yao walizaliwa nje ya Marekani. Lakini anayeijua redio ya Kenya hawezi kulimeza jibu hilo mzimamzima. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wamepigwa miaka na miaka Nairobi na Bonde la Ufa, hadi nchi hiyo ikazaa waimbaji wake wa kantri, akiwemo Elvis Otieno anayejulikana kama Sir Elvis. Hata Marekani kwenyewe, banjo ilitokana na ala za Afrika Magharibi zilizovushwa bahari na watumwa. Charley Pride, mtoto wa familia ya wakulima weusi wa Mississippi, alikuwa miongoni mwa vinara wa kantri katika miaka ya 1970. Na mwaka 2024, Shaboozey, ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alikaa wiki 19 kileleni mwa chati kuu ya Billboard kwa wimbo wenye mdundo wa kantri. Sikio halina pasipoti.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe inaanzia kwenye redio yenyewe.

Chukua redio yenye namba za FM ukiwa New York, uanzie 92.3. Stesheni kubwa inayofuata ni 93.1. Halafu 93.9, 94.7, 95.5, 96.3, 97.1, na kuendelea hivyohivyo hadi 107.5. Kila hatua ni nukta nane, kwa sababu kanuni za Marekani haziruhusu mitambo miwili mikubwa ya mji mmoja kukaribiana zaidi ya hapo, sauti zingeingiliana. Zihesabu: ni nafasi 20. Baadhi zimeshikwa na redio za umma zisizouza matangazo, kama 93.9 na 105.9. Zinazobaki kwa biashara hazifiki 20, na haziongezeki hata jiji likipata watu milioni nyingine. Redio za New York zinagombania viwanja kama wafanyabiashara wanavyogombania vibanda vya Kariakoo: mwenye kibanda hapimwi kwa faida peke yake, anapimwa kwa kile ambacho mpangaji mwingine angeweza kulipa hapohapo.

Kantri ilipata kibanda chake cha kwanza cha maana kwenye AM. Februari 1973, WHN ya 1050, yenye nguvu ya wati 50,000, iliacha muziki wa wazee wa mjini ikahamia muziki wa kantri wa Nashville. Watu wa tasnia walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Kwa miaka kadhaa WHN ilihesabiwa kuwa miongoni mwa stesheni za kantri zenye wasikilizaji wengi kuliko zote Marekani. Mwaka 1980 ikaja filamu ya Urban Cowboy, John Travolta, kijana wa Englewood, New Jersey, akicheza dansi za Texas, na buti za kichunga ng'ombe zikaingia hadi madukani Manhattan.

Halafu wasikilizaji wa muziki wakahamia FM, ambako sauti ni safi zaidi. WHN ilibaki na kitu kimoja kilichosikika vizuri hata kwa AM: mechi za besiboli za New York Mets, mabingwa wa 1986. Kampuni ya Emmis, iliyokuwa imeinunua, ikaisoma hali hiyo vizuri. Tarehe 1 Julai 1987 kantri ikazimwa na WFAN ikazaliwa, redio ya michezo saa 24. Uamuzi huo ulibadilisha redio ya Marekani nzima, maana leo kila mji mkubwa una redio ya namna hiyo.

Kantri haikufa siku hiyo. Ilirukia FM kwa jina la WYNY, kwanza 97.1, kisha 103.5. Na hapa ndipo somo la sura hii linapoonekana vizuri zaidi.

Kwa lugha ya wauza matangazo kuna vipimo viwili. Kimoja ni jumla ya watu waliopita kwenye stesheni angalau mara moja kwa wiki. Kingine ni mgao: kati ya kila watu 100 wanaosikiliza redio dakika hii, wangapi wako kwako. Tuseme, kwa mfano tu, saa mbili asubuhi watu milioni moja wamewasha redio. Stesheni yenye mgao wa 2 ina watu 20,000 kwa wakati huo. Katika mji mdogo wa Tennessee, stesheni yenye watu 5,000 inaweza kuwa namba moja, na kila duka la matrekta litapiga hodi. New York watu 20,000 hao wanakuweka chini kabisa ya orodha, na mnunuzi wa matangazo aliyeko ghorofani Madison Avenue husoma orodha kutoka juu. Akishazipa fedha stesheni nane au kumi za kwanza, bajeti imekwisha. Kwa jumla ya wiki, stesheni ya kantri New York inaweza kuizidi yoyote ya Nashville, na bado ikaitwa mzigo na mmiliki wake.

Ndicho kilichoikuta WYNY. Februari 1996 wamiliki wapya waliyageuza masafa ya 103.5 kuwa WKTU, muziki wa dansi uliolenga Walatino, weusi na Wazungu wa Brooklyn kwa mpigo. Ndani ya miezi michache WKTU ilikuwa namba moja mjini. Mnara ni uleule na wati ni zilezile. Hakuna mkurugenzi wa redio New York aliyesahau mfano huo.

Kwa mashabiki wa kantri waliobaki, lilifuata jaribio la kishujaa kwenye 107.1. Namba hiyo haimo kwenye ile orodha ya 20. Imebanwa katikati ya 106.7 na 107.5. Ili isiziingilie kubwa, ilibidi irushwe na mitambo midogo iliyotawanywa nje ya jiji. Dereva aliyeingia Manhattan aliipoteza kabla wimbo haujaisha.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi hulitaja kwa haraka mno: treni. Redio ya Marekani huishi ndani ya gari, na mamilioni ya watu wa New York huenda kazini kwa treni ya chini ya ardhi, ambako FM haifiki. Wapenzi wa kantri wengi wako Long Island, Staten Island na vitongoji vya New Jersey, wenye magari. Kwa hiyo stesheni ya kantri inahitaji mnara unaofika mbali kuliko stesheni ya hip-hop, ambayo wasikilizaji wake wengi wako Bronx na Brooklyn, karibu na mitambo.

Mwaka 2008 upimaji wa wasikilizaji nao ulibadilika. Zamani watu waliochaguliwa waliandika kwenye daftari walichosikiliza, na mshabiki mwaminifu alijaza saa nyingi kwa jina la stesheni aipendayo. Sasa walivaa kifaa kidogo kiunoni, kama peja, kinachonasa alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya sauti ya kila stesheni. Kifaa hakijui mapenzi. Kinarekodi hata wimbo uliosikika ukipita mlangoni mwa duka.

Januari 2013 kantri ilirudi. Kampuni ya Cumulus ilinunua masafa ya 94.7 kutoka kwa redio ya kidini ya Family Radio kwa dola milioni 40, ikayaita NASH FM. Wasikilizaji walikuja. Lakini NASH lilikuwa jina la biashara la kitaifa, si la New York, na Cumulus yenyewe ilikuwa imezama kwenye madeni: Novemba 2017 iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika. Masafa hayo baadaye yalikwenda kwa kampuni nyingine, na Oktoba 2021 yakahamia hip-hop na R&B za zamani.

Los Angeles, jiji ambalo karibu nusu ya watu wa kaunti yake ni Walatino, lilielekea kufuata njia hiyohiyo. Agosti 2006 Emmis, ileile iliyoizima WHN, iliiondoa kantri kwenye 93.9 ya huko. Miezi sita tu baadaye, Saul Levine, aliyeiwasha 105.1 mwaka 1959 na ambaye familia yake haikuwahi kuiuza, aliyahamisha masafa yake kutoka muziki wa klasiki kwenda kantri. Akaiita Go Country. Jiji ni lilelile, na mgao hauko mbali sana na ule wa aliyekata tamaa. Tofauti ni kwamba Levine hakuwa na wenye hisa wa kuwajibu kila robo mwaka, wala deni la kununulia mnara. Miaka kumi na tano baadaye kantri ilikuwa bado inapigwa kwenye 105.1.

Chicago haihitaji maelezo marefu. WLS ilianza kurusha National Barn Dance mwaka 1924, kabla ya Grand Ole Opry ya Nashville, na 99.5 imepiga kantri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiji hilo lina mchanganyiko wake wa watu, lakini limezungukwa na mashamba ya mahindi ya Illinois na Indiana, na barabara zake zimejaa magari.

Kwa hiyo atakayeijaribu New York tena asianze kwa kuhesabu rangi za wapita njia wa Times Square. Aanze na nafasi moja kati ya zile 20, mnara unaofika hadi Suffolk kule Long Island na Monmouth kule New Jersey, watangazaji wanaokaa humohumo mjini, na leseni isiyodaiwa na benki. Wasikilizaji wapo, walionekana Central Park.