Mvua ya Hapa na Pale si Mvua ya Kupandia

Kila mwaka mwezi wa Februari watu huja ofisini kwetu na swali moja: "Je, mvua imeanza?" Pengine huingia wazee wawili pamoja, mmoja viatu vyake vina matope, mwingine vina vumbi, nao wanatoka kata moja. Wa kwanza asema jana alasiri mvua ilimwagika kwake, na sasa anataka mbegu. Wa pili asema hakuona hata tone, na kwamba redio imesema uongo. Redio haikusema uongo. Ilisema, "Mvua za hapa na pale pamoja na radi, na joto kuzidi." Maneno hayo yana maana yake, na mkulima asiyeyaelewa aweza kupoteza mbegu na mbolea ya msimu mzima.

Tuanze na joto. Baada ya mwaka mpya jua huwa linarudi kutoka kusini, na ifikapo tarehe 21 Machi hivi huwa juu kabisa ya mstari wa Ikweta, ambao wapita katika nchi yetu. Upepo wa wakati huo ni kaskazi, nao huwa mkavu. Mawingu ni machache, mashamba hayana majani ya kuyafunika, na kila siku udongo hupata moto zaidi kuliko jana. Kwa hiyo Februari na mwanzo wa Machi huwa na joto kali katika sehemu nyingi za Kenya.

Hewa yenye joto huwa nyepesi, nayo hupanda juu kama moshi wa jikoni. Ikiwa ni kavu, haileti kitu. Lakini sisi wa magharibi tuna Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Wakati wa mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani umebeba unyevu. Ufikapo kwenye vilima vya Kisii, Kericho na Nandi, hukutana na upepo utokao mashariki, na pepo hizo mbili hazina pa kwenda ila juu. Wingu jeupe la saa sita mchana huwa mlima mweusi saa tisa, na kilele chake chaweza kupita kilomita 12 kutoka chini. Huko juu maji huganda. Ndiyo sababu Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa mahali panapopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kama wachuma chai wajuavyo. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na radi huwafuata wavuvi huko huko majini.

Sasa angalia jambo hili. Wingu kama hilo lina upana wa kilomita chache tu, na maisha yake ni saa moja au mbili. Mtabiri aweza kujua asubuhi kwamba leo mawingu yatazaliwa katika vilima hivi, lakini hawezi kujua kama litamwagika kwako au kwa jirani. Hiyo ndiyo maana ya "hapa na pale." Tena mvua hiyo haikati joto. Kesho yake jua huwaka vile vile, na watu husikia harara zaidi kwa sababu ya unyevu.

Je, utajuaje kama mvua uliyopata yatosha? Chukua kopo lenye kingo zilizonyooka, liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na baada ya mvua upime maji kwa rula ya mtoto wa shule. Milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba ya shamba. Tuseme umepata milimita 20. Udongo ulio mtupu katika jua la Februari waweza kupoteza milimita 5 hivi kwa siku, basi baada ya siku 4 imekwisha. Hesabu hii ni ya darasa la tatu, lakini mahindi hayajatoka hata ardhini! Mbegu imekwisha kuvimba, na sasa itakauka.

Wataalamu wa Afrika Mashariki mara nyingi huhesabu kwamba msimu umeanza ikiwa zimenyesha milimita 20 au zaidi katika siku 3, na katika wiki 3 zinazofuata hazikupita siku kavu zaidi ya 7 mfululizo. Kopo lako litakuonyesha sehemu ya kwanza. Ya pili yahitaji utabiri, kwa hiyo usikilize taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kufungua gunia la mbegu.

Mwaka 2018 mvua zilianza mapema mwezi wa Machi, zikaendelea kwa nguvu hata kukawa na mafuriko. Nadhani mwaka ule uliwadanganya wengi. Maana Machi 2019 tufani Idai ilipiga Msumbiji karibu na Beira, ikavuta unyevu upande wake, na masika yetu yakachelewa sana. Mbegu iliyotiwa ardhini mapema ilikaa bila maji.

Wako wakulima, hasa Ukambani, wapandao katika udongo mkavu makusudi, nao wana akili. Lakini wao hufukia mbegu chini zaidi, isiamshwe na manyunyu. Si sawa na kupanda kwa sababu ya mvua ya jana.

Wakati wa kungoja, maliza kulima, zibua mitaro, na weka majani makavu chini ya migomba na kahawa. Ng'ombe wapewe maji zaidi na kivuli mchana. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, acha jembe uingie nyumbani, wala usijikinge chini ya mti. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, ndipo utoke ukapime kopo lako.