Mwalimu wa Timu Aliyejua Akanyamaza: Je, Afukuzwe Kazi?

Kila mara wanachuo wetu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi za Wilaya ya Same, hutokea jambo ambalo halimo katika ratiba ya chuo. Mwalimu mkuu humtazama mgeni wake, humwuliza kama aliwahi kucheza mpira, na kabla ya juma la kwanza kwisha mgeni huyo hukabidhiwa filimbi na timu ya shule. Yeye hufurahi. Sisi nasi hufurahi, kwa maana mwalimu apendwaye uwanjani husikilizwa darasani. Lakini pamoja na filimbi hiyo hukabidhiwa amana ambayo aghalabu haitajwi na mtu: watoto walio mbali na macho ya wazazi wao, saa za jioni, walio tayari kutii lolote wasije wakaachwa nje ya timu.

Hali hii huzidi wakati wa mashindano ya UMITASHUMTA. Mtoto wa Chome, wa Mbaga au wa Mamba Myamba hushuka mlimani kwa gari hadi mjini Same, hulala darasani juu ya godoro pamoja na wenzake, naye huenda ni mara yake ya kwanza kulala nje ya nyumba ya mama yake. Mwalimu wa timu ndiye baba, ndiye mama, ndiye askari. Kwa siku hizo hana mkaguzi.

Kwa sababu hiyo tuliona yafaa kuwawekea wanachuo swali gumu kabla hawajaondoka. Swali lenyewe halikumhusu mwalimu aliyemdhalilisha mtoto. Huyo hana mjadala, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa abakaye, na kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi kifungo cha maisha. Tuliuliza hivi: ikiwa mwalimu wa timu hakutenda uovu wowote, lakini aliambiwa kwamba mwenzake anautenda, akapeleka habari kwa mkubwa wake, kisha akarudi uwanjani na kuendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea, je, huyo naye afukuzwe?

Darasa liligawanyika nusu kwa nusu. Waliosema asifukuzwe walikuwa na hoja yenye nguvu: amefuata ngazi, na mtumishi hufundishwa kufuata ngazi. Waliosema afukuzwe walikuwa na hasira zaidi kuliko hoja. Tulilazimika kuwaletea mambo yaliyokwisha tokea ili hasira ipate kusimama juu ya kitu.

Mfano mashuhuri zaidi unatoka Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Penn State alikuwako kocha wa mpira wa Kimarekani aitwaye Joe Paterno. Alikuwa kocha mkuu tangu mwaka 1966, timu yake ikashinda michezo 409, na watu wa mji ule walimheshimu kama mzee wa ukoo. Msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alikuwa ameanzisha shirika la kusaidia watoto wenye shida mwaka 1977, na ni kwa njia ya shirika hilo alipowapata watoto aliowaharibu. Sandusky alistaafu mwaka 1999, lakini milango ya majengo ya michezo ikabaki wazi kwake. Mwaka 2001 msaidizi mmoja kijana alimkuta huko bafuni pamoja na mtoto wa kiume, akaenda kumweleza Paterno. Paterno akawaeleza wakubwa wake wa chuo. Wakubwa hawakwenda polisi. Walimkataza tu Sandusky asilete watoto katika majengo yale. Ikapita miaka kumi.

Sandusky alikamatwa Novemba 2011. Siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba, baraza la chuo lilimwondoa mkuu wa chuo, na usiku uo huo likamfukuza Paterno, akiwa na umri wa miaka 84, kwa kumpigia simu. Wanafunzi waliingia mitaani kwa maelfu kumtetea kocha wao, wakapindua gari la watangazaji. Tunaomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Vijana waliosoma, katika nchi yenye magazeti na mahakama nyingi, walimlilia kocha kabla ya kuwalilia watoto. Paterno mwenyewe alikuwa mwadilifu zaidi yao, kwani alikiri kwamba akitazama nyuma alitamani angalifanya zaidi. Alifariki dunia Januari 2012. Mwezi Juni mwaka huo Sandusky alitiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya wavulana kumi, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Chuo kilitozwa dola milioni 60. Mwaka 2017 wakubwa watatu, akiwamo aliyekuwa mkuu wa chuo, walitiwa hatiani kwa kuhatarisha usalama wa watoto. Paterno hakushtakiwa kamwe, kwa kuwa sheria ya jimbo lile wakati ule ilimtaka mtumishi amweleze mkubwa wake tu, naye alikuwa amemweleza. Baada ya msiba huo sheria yenyewe ilibadilishwa, mwenye habari akatakiwa kuipeleka moja kwa moja kwa wenye mamlaka ya kulinda watoto.

Basi upande uliosema asifukuzwe ulishangilia: mnaona, hakuvunja sheria! Ni kweli. Lakini hapo ndipo tulipotaka kufika. Kutovunja sheria kwatosha kumwepusha mtu na jela. Hakutoshi kumfanya astahili kubaki na watoto. Kazi ya ualimu hupewa mtu kwa kuaminiwa, na uaminifu ukivunjika kazi hiyo haina mahali pa kusimama, hata kama hakimu hana la kuandika.

Mwanachuo mmoja mzaliwa wa milimani alitusaidia kwa mfano ambao sisi wakufunzi hatukuufikiria. Upareni wakulima wana ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Alisema: mtu akipita usiku akaona ukuta wa ndiva unavuja, atamwamsha mwenye zamu. Mwenye zamu asipoamka, je, mtu huyo atakwenda kulala na kusema nimekwisha kuarifu? Atatafuta jembe, atapiga kelele, ataamsha kijiji, kwa kuwa anajua maji yakipotea ni njaa ya watu wote. Asubuhi hakuna atakayemwuliza kama alifuata ngazi. Darasa lilinyamaza kwa muda baada ya maneno hayo.

Tusidhani mambo haya ni ya Wamarekani. Mwishoni mwa Septemba 2016 katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, mwanafunzi wa kidato cha tatu alipigwa makofi, mateke na fimbo na walimu kadhaa ndani ya ofisi ya walimu. Waliompiga walikuwa wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kama ninyi. Tukio lilirekodiwa kwa simu, na mapema Oktoba nchi nzima ikaliona. Waziri wa Elimu alitangaza kufukuzwa kwa wanachuo hao vyuoni. Lakini kwa mada yetu jambo kubwa ni la pili: mkuu wa shule, ambaye hakuinua mkono juu ya mtoto yule, alivuliwa madaraka kwa kutochukua hatua. Siku kadhaa zilikuwa zimepita kati ya kipigo na kelele za wananchi. Serikali iliona kwamba siku hizo za ukimya ni kosa linalojitegemea.

Sisi twaafikiana na uamuzi huo. Hata hivyo, twaona shaka kidogo juu ya kasi yake, na hapa hatuna budi kusema wazi, kwa sababu mwalimu kijana anayefurahia mwingine kufukuzwa jukwaani anaweza kesho kusimama mahali pale pale. Kumsimamisha mtu kazi ili kupisha uchunguzi ni jambo moja. Kumfukuza ni jambo jingine. La kwanza halina budi kufanyika siku ile ile, bila kusubiri ushahidi kamili, maana mtoto hawezi kuendelea kufundishwa na anayetuhumiwa huku wakubwa wakikaa vikao. La pili lataka mtu asikilizwe. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na yakataza kumtendea mtuhumiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kwa walimu wa shule za umma ipo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo ndiyo mamlaka ya nidhamu. Waliomwondoa Paterno kwa simu usiku walitenda haki kwa jambo, lakini kwa namna iliyompa kila mtetezi wake sababu ya kulia.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa huonekana kuwa ya upole: uhamisho. Mwalimu anasemwa vibaya katika kijiji cha tambarare, anahamishiwa mlimani, au wa mlimani anashushwa Hedaru, na barua yake inasema ni kwa manufaa ya umma. Umma upi? Watoto wa kijiji kipya hawakuulizwa. Wenzetu wa Kenya walilitambua jambo hili. Tume yao ya kuajiri walimu ilitoa waraka namba 3 wa mwaka 2010, ukimtaka mwalimu anayejua au kushuku udhalilishaji wa mwanafunzi atoe taarifa ndani ya saa 24, na kumtia katika hatia ya nidhamu anayeficha. Nao hufuta majina ya walimu waliopatikana na makosa katika daftari la walimu na kuyatangaza, ili asiyefaa shule moja asipokelewe na nyingine.

Kwetu Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, yamtaka mtu yeyote katika jamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitaarifu serikali ya mtaa wa mahali pale. Angalieni kwamba sheria haikusema amwarifu mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aarifiwe, ndiyo, kwa adabu ya kazi. Lakini kumwarifu yeye peke yake hakujamaliza wajibu wako. Ofisi ya kijiji ipo, ofisa ustawi wa jamii yupo, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya mtoto namba 116 haihitaji ruhusa ya mtu.

Wengine watasema kwamba kijana aliye mazoezini hawezi kumruka mkubwa wake, kwamba huo ni utovu wa heshima, hasa milimani ambako mzee husalimiwa kwanza. Tunawakumbusha kwamba ni Wapare hao hao ambao mwaka 1945 walishuka kwa maelfu hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, wakakaa pale juma baada ya juma wakidai isikilizwe hoja yao. Hawakuwa watu wasio na adabu.

Sasa tuseme mtoto amekujia. Huenda hatasema neno lenyewe. Atasema hataki tena kwenda mazoezini, au ataomba asilale kambini, naye ndiye mlinda mlango hodari wa timu. Kosa la kwanza la mwalimu mgeni ni kumbembeleza kwa ajili ya mashindano. Kosa la pili ni kumhoji kama askari: ilikuwa saa ngapi, nani mwingine aliona, una hakika? Keti naye mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika, mwache aseme kwa maneno yake, usimwahidi kwamba itakuwa siri, kwa kuwa huwezi kuitunza siri hiyo bila kumsaliti. Mwambie hakukosa. Kisha andika siku ile ile maneno yake kama alivyoyasema, uweke tarehe na saa. Usimwite mtuhumiwa ili muwakutanishe uso kwa uso. Tumeona ikifanyika hivyo kwa nia njema kabisa, mtoto akakana kila kitu, na mambo yakaishia hapo.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na ni wachache tu waliotafuta msaada. Kwa darasa la watoto 45 hesabu hiyo mwaweza kuifanya wenyewe ubaoni.

Wanachuo walituuliza mwishoni tungefanyaje sisi kama tungekuwa baraza lile la Pennsylvania. Tulijibu kwamba tungemsimamisha Paterno siku ile Sandusky alipokamatwa, tungemwita aeleze mbele yetu, na baada ya kumsikia tungemwondoa. Mmoja akauliza: na kijana yule msaidizi aliyeona kwa macho yake, akamweleza kocha, akaendelea na kazi miaka kumi? Wakufunzi hatukuafikiana. Wawili walisema naye aondoke. Wa tatu alisema kijana wa chini aliyepeleka habari na kupuuzwa asipimwe kwa kipimo cha mkubwa mwenye mji mzima nyuma yake. Mjadala huo uliendelea hadi kengele ya chakula, na kesho yake kundi la kwanza likapanda gari kwenda Gonja, likiwa na madaftari mapya ya kambi ambamo kila usiku walimu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, hutia sahihi majina ya watoto waliolala.