Saa za Theluji Katika Mlima Kenya

Asubuhi yenye anga safi, mtu asimamaye mahali palipoinuka katika Githurai 45, kando ya barabara kuu iendayo Thika, aweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, mbali naye kadiri ya kilomita 120. Huuona kwa muda mfupi tu. Makondakta wangali wakiita abiria wa mapema, vilele vya mlima hung'aa kwa weupe. Na kabla akina mama wa sokoni hawajamaliza kupanga mboga zao, huenda mawingu yamekwisha kuufunika. Wengi hudhani kwamba weupe ule ni kitu kisichobadilika. Sivyo. Theluji ya mlima huo ina saa zake, na apandaye bila kuzijua huyatia maisha yake hatarini.

Yafaa kwanza kufahamu asili ya baridi ile. Mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Githurai iko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana kina meta 4,985, na Batian, kilicho kirefu kupita vyote, kina meta 5,199. Basi Lenana huwa na baridi kuliko Githurai kwa digrii 20 au zaidi. Ndiyo sababu wingu linyeshalo mvua msituni huangusha theluji vileleni, ijapokuwa mstari wa ikweta wapita karibu sana na hapo.

Mwendo wa siku moja mlimani ni kama huu. Usiku mara nyingi anga hutulia, maji huganda, na theluji hukazana hata ikawa ngumu chini ya kiatu. Jua likisha kuchomoza, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, na kabla ya adhuhuri mawingu hutanda. Alasiri huja ukungu, mvua ya mawe au theluji mpya; jioni anga hufunguka tena. Kwa hiyo waongozaji huwaamsha wageni wao saa 8 au saa 9 za usiku, ili wafike Lenana kunako mapambazuko na kushuka kabla njia haijafunikwa.

Katika nchi kama Uswisi na Austria mambo ni mengine. Huko theluji hulundikana tabaka juu ya tabaka muda wote wa majira ya baridi. Tabaka moja dhaifu likivunjika, theluji yote iliyo juu yake huporomoka kwa kishindo, ikachukua miti, nyumba na watu. Kwa ajili hiyo, katika majira hayo wakuu wa huko hutoa taarifa kila siku, wakiipima hatari kwa daraja 5, na watu watelezao juu ya theluji kwa mbao za miguuni huisoma kabla ya kutoka.

Katika Mlima Kenya theluji mpya kwa kawaida huyeyuka upesi, wala hailundiki kwa kadiri ile. Lakini mtu asijidanganye kwamba pana salama. Mawe yaliyoshikwa na barafu usiku hulegea jua liipatapo miamba, nayo huanguka bila kutoa habari. Barafu ya kudumu nayo imebadilika sana. Halford Mackinder na wenzake walipofika Batian mwaka 1899, barafu iitwayo Lewis ilikuwa pana na nene. Tangu hapo sehemu yake kubwa mno imetoweka, na mahali ilipolala pamebaki mwamba mtupu na kokoto zitelezazo. Njia aliyoisifu mpanda mlima wa zamani yaweza leo kuwa ya hatari.

Tena iko hatari isiyoonekana kwa macho. Kijana aweza kupanda gari Githurai asubuhi na usiku uo huo akalala mahali penye kimo kipitacho meta 3,000, mwili wake ukiwa haujazoea hewa nyepesi. Maumivu ya kichwa na kutapika ni onyo la kwanza, naye asizidi kupanda. Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyo na maana, au kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, dawa iliyo kuu ni kumshusha mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kungoja kupambazuke kwaweza kumwua.

Kwa hiyo, yeyote akusudiaye safari hiyo na atafute kwanza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na awaulize askari wa hifadhi langoni habari za njia. Achague Januari na Februari, au Julai hata Septemba, miezi ambayo mara nyingi huwa na mvua chache. Asiende peke yake. Aandamane na mwongozaji, na awaambie watu wa nyumbani siku atakayorudi. Apande polepole, akilala njiani siku kadha. Na mawingu yakimtangulia, arudi bila kuona haya. Haraka haraka haina baraka. Mlima utakuwapo hata mwakani, na inafaa yeye pia awepo.