KUIPIMA SHAKA YA MZAZI ALIYEUGULIWA NA MWANAWE

Mtu akiuguliwa na mwanawe, jamaa na majirani huja kumjulia hali mgonjwa. Ni nadra kwa mzazi mwenyewe kuulizwa anajua nini na hajui nini kuhusu maradhi hayo. Maelezo yafuatayo yanatolewa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote ili ifahamike kwamba shaka ya mzazi ni jambo linaloweza kupimwa, na likishapimwa huweza kupunguzwa.

Kwanza yafaa kutofautisha shaka na hofu. Mwenye hofu anakijua anachokiogopa. Mwenye shaka hajui ajiandae kwa lipi: kama mtoto atarudi nyumbani kesho au baada ya mwezi, kama dawa inafanya kazi au haifanyi, kama maumivu ya leo ni dalili ya kupona au ya kuzidiwa. Mzazi wa hali hiyo hupungukiwa na usingizi, hushindwa kupanga shughuli zake, na pengine humwondoa mtoto hospitali au kumwachisha dawa kabla ya wakati wake, kwa sababu tu hakujua mwisho wa jambo uko wapi.

Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Merle Mishel, alichapisha mwaka 1981 kipimo cha shaka kwa watu wazima wanaougua. Mwaka 1983 alichapisha kingine kilichotengenezwa kwa ajili ya wazazi wenye watoto waliolazwa hospitali. Kipimo hicho ni orodha ya kauli 31. Kwa kila kauli mzazi huchagua jibu moja kati ya 5, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, na kila jibu hupewa alama 1 hadi 5. Kauli zinazoeleza uhakika huhesabiwa kinyume. Hivyo jumla ndogo kabisa ni 31 na kubwa kabisa ni 155. Kadiri jumla inavyokuwa kubwa, ndivyo shaka ilivyo nzito.

Kauli hizo zimegawanyika katika mafungu 4:

(a) Utata, kauli 13. Hapa mzazi anaona dalili lakini hazimwambii jambo moja. Leo mtoto anacheza, kesho hawezi kusimama.

(b) Kutobainika kwa maelezo, kauli 9. Mzazi ameelezwa juu ya matibabu na utaratibu wa hospitali, lakini maelezo hayakumwingia.

(c) Upungufu wa taarifa, kauli 5. Mzazi hakuelezwa jina la maradhi wala uzito wake.

(d) Kutotabirika, kauli 4. Maradhi yenyewe hayana mwendo unaoweza kujulikana mapema.

Mfano ulio karibu nasi ni maradhi ya selimundu, ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake wote wawili. Mtoto mwenye maradhi hayo aweza kukaa wiki kadhaa akienda skuli kama wenzake, kisha akashikwa na maumivu makali ya mifupa usiku mmoja. Baridi, homa na upungufu wa maji mwilini huweza kuyachochea, lakini mara nyingine huja bila ya sababu inayoonekana. Mzazi aliyevuka bahari kutoka Pemba kumleta mwanawe Unguja kwa matibabu huwa na shaka nyingine juu ya hiyo: watoto aliowaacha nyumbani, nauli ya kurudi, na siku ya kurudi yenyewe.

Faida kubwa ya kipimo hiki imo katika mafungu yake zaidi kuliko katika jumla. Tuchukulie mama wawili katika wodi moja, kila mmoja ana alama 100. Wa kwanza hakuambiwa mtoto ana nini. Wa pili ameambiwa yote, isipokuwa maradhi yenyewe hayatabiriki. Wa kwanza atapata nafuu kwa mazungumzo ya dakika chache. Wa pili hata akielezwa mara kumi shaka yake haitaondoka, kwani hakuna ajuaye jibu. Yeye anahitaji kuambiwa kweli kwamba halijulikani, kufundishwa dalili za hatari, na kujua pa kukimbilia zikitokea.

Aidha, ieleweke kuwa shaka si mbaya wakati wote. Katika nadharia aliyoitoa mwaka 1988, Mishel alieleza kuwa mtu huweza kuiona shaka kama hatari au kama nafasi ya heri. Mzazi aliyeambiwa maradhi ni mazito huenda akashikilia lile lisilojulikana kuwa ndilo tumaini lake. Mhudumu asilivunje tumaini hilo kwa pupa, wala asilijenge kwa uongo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kipimo hiki kilitungwa kwa Kiingereza, na kukitumia kwa Kiswahili kunataka tafsiri iliyojaribiwa kwa wazazi wenyewe. Hapa petu mzazi akiulizwa na daktari, "Umefahamu?" hujibu, "Nimefahamu," kwa adabu tu. Ni bora aambiwe, "Hebu nieleze nawe utampaje mtoto dawa hii nyumbani." Jibu lake ndilo litakaloonesha alichokifahamu.

Kwa hivyo, yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

1. Wauguzi na madaktari wamweleze mzazi jina la maradhi, matibabu yake na hatua inayofuata, kwa maneno anayoyatumia yeye, na waeleze tena kesho yake. Aliyekesha na mgonjwa hashiki yote kwa mara moja.

2. Wakuu wa kazi wafahamu kwamba mtumishi aliyeuguliwa na mwanawe akiulizwa, "Utarudi lini?" na akakosa jibu, huenda hakuna mwenye jibu hilo. Asihesabiwe kuwa mvivu au mjanja.

3. Wazazi wasione haya kuuliza, hata kama wamekwisha kuuliza jana. Waandike maswali yao, au wamwombe anayejua kuandika awaandikie, kabla ya daktari kupita wodini.

Dawa ya mtoto hutolewa na daktari, lakini mwenye kuitia kinywani kila siku ni mzazi. Akiwa katika giza, tiba nayo hupotea njia.