Hawala: Riyali za Riyadh, Shilingi za Magogoni
Binti wa Magogoni atumikiaye nyumba za watu Riyadh humkabidhi wakala riyali zake. Mwenziwe wakala aliyeko Mombasa humlipa mama shilingi kwa jina na namba ya siri tu. Fedha haikuvuka bahari. Lililohama ni deni, na ndiyo maana ya hawala katika fiqhi. Mawakala wenyewe husawazishana baadaye, pengine kwa bidhaa.

Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kupeleka fedha hadi Juni, na wasio na kosa wakakatikiwa masurufu.

Lakini wakala akitoweka bila hati, jasho la miezi limekwenda. Al-Baqara, aya ya 282, yaamrisha deni liandikwe. Basi mama, mwambie bintiyo aandike kiasi, tarehe na bei ya riyali, wakala atie saini, akutumie picha kabla hajatoka dukani.